Mguu Ndani ya Bahasha

Nyumbani kwetu,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua hupendi salamu ya mtu aliyekaa, kwa hiyo hii nimeiandika nikiwa nimesimama kando ya meza, kisha ndipo nikavuta kiti. Natumaini barua hii imekukuta mzima, kwamba kile kidole ulichojichoma na sindano kimepona, na kwamba yule bibi harusi mtarajiwa ameacha kubadili mawazo kuhusu rangi ya viatu vyake. Nisalimie Bwana Gundi. Mwambie kuwa miaka yote aliyofanya kazi nawe dukani haijampa haki ya kunisingizia, na kwamba ile redio yake sikuivunja mimi. Nilisema hivyo nikiwa na miaka saba na nasema hivyo leo.

Sisi huku hatujambo. Mkweo anapanda ngazi na kushuka ngazi na nyaya zake, watu wanajenga kila kona na kila mmoja anataka umeme kabla ya paa. Mjukuu wako Kisigino amekuwa mtu mzima wa miaka mitatu. Lile jina ulilompa limemganda, maana mpaka leo nikienda jikoni yuko nyuma ya visigino vyangu, nikienda bafuni yuko nyuma ya mlango ananiita. Jina lake la cheti ukimwita haitiki, anakutazama kama vile unamtafuta mtu mwingine. Juzi alivaa viatu vya baba yake, akavikokota mpaka mlangoni kwa jirani, akauliza kama kuna kiatu cha kushona. Jirani akampa ndala iliyokatika mkanda. Hatujaambiwa itarudishwa lini.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu yako si simu, ni mkutano wa hadhara. Unaiweka juu ya kaunta kwenye spika kwa sababu mikono ina gundi, mimi naanza kusema, na mtu anayesubiri kisigino chake kipigwe msumari ndiye anayenijibu. Mara ya mwisho nilikupigia kukueleza habari ya jino, nikapewa dawa tatu na watu nisiowajua, na wawili kati yao wakagombana. Haya ya leo ni ya masikio yako peke yako. Kwa hiyo funga mlango, kaa kwenye kigoda cha wateja, si kwenye kiti chako, na ufute miwani.

Sababu ya pili unaijua. Barua ya kwetu haitumwi bila mguu ndani. Tangu nilipoondoka nyumbani kwenda kusomea ualimu uliniwekea sharti hilo, kwamba picha za uso zinadanganya, watu hucheka mbele ya kamera hata wakiwa na njaa, lakini mguu uliochorwa kwa penseli juu ya karatasi hausemi uongo: utajua kama mtu amenenepa, kama anasimama sana, kama ameanza kuvaa viatu vya plastiki vya dukani kwa siri. Miguu imo. Nitaieleza mwishoni.

Niruhusu nianze na likizo iliyopita, tulipokuja kwako. Nilikaa nikakutazama, mama, nawe ukidhani natazama wateja. Zile ngazi za kwenda stoo ya ngozi, ambazo ulikuwa unazipanda huku unaimba na ngozi iliyoviringwa begani, sasa unafika katikati unasimama. Nilipokuuliza ukaniambia unasikiliza kama bomba la uani linavuja. Siku ya pili ukasimama palepale ukasikiliza tena. Mama, bomba lile mkweo alilitengeneza siku tuliyofika, na wewe ndiye uliyemshikia spana.

Nikaona pia ndala. Fundi viatu mkubwa wa mtaa mzima, anayewasema watu wakipita na soli zilizolala upande, yuko dukani mwake na ndala! Wateja wanakutania, unawaambia fundi hana muda wa kujishonea. Lakini viatu vyako vya kahawia niliviona chini ya kitanda, vizima kabisa, kamba zimetolewa zote. Na juu ya kitanda nikaona mito mitatu. Mtu aliyenilea kwa kuniambia kwamba mito mingi inapinda shingo sasa analala karibu ameketi. Ningesema ungenifukuza kwa ufagio, tena mbele ya Bwana Gundi.

Tuliporudi huku, walikuja wauguzi shuleni kutupima walimu presha na sukari. Tukapanga foleni kwenye chumba cha walimu tukitaniana. Mwalimu wa jiografia aliyekuwa mbele yangu alisema presha yake itategemea na yule atakayempima. Mimi nilikaa nikicheka bado. Muuguzi akanifunga mkanda kwenye mkono, akasoma. Akaniambia nitulie kidogo, nisiseme. Akapima tena, akahamia mkono wa pili, na utani ukamwisha usoni. Presha ilikuwa juu, mama, na si juu ya kuambiwa nipumzike niende. Nikaandikiwa kwenda kwa daktari wa moyo.

Usiwe na wasiwasi, niko salama. Nimemeza kidonge changu asubuhi hii kabla ya kushika kalamu, na jioni tutatembea mpaka uwanjani kama kila siku, Kisigino mbele na sisi nyuma, saa pekee anayoviacha visigino vyangu. Endelea kusoma.

Daktari mwenyewe ni mama mfupi, mwenye kicheko cha kujaza ukumbi, na viatu vyake vimelika upande wa nje kiasi kwamba nilitamani kumvua hapohapo nikuletee. Alinisikiliza kifua, akanipima, kisha akaniuliza swali lililonishangaza. Alitaka kujua nimezaa mara ngapi na ujauzito ulikwendaje. Nikamwambia mwanangu ana miaka mitatu, sikuja kwa ajili ya uzazi, nimekuja kwa ajili ya moyo. Akasema anajua, na ndiyo maana anauliza.

Hapo, mama, ikabidi nimsimulie jambo ambalo wewe mwenyewe sijawahi kukusimulia lote.

Unakumbuka mimba ya Kisigino ilipofika mwezi wa saba. Nilikuandikia nikasema viatu vyangu vinabana, na mguu nikauweka ndani ya bahasha. Ukafurahi. Ukachukua ule mguu wangu wa mbao wa kushonea viatu, ulio kwenye rafu, wenye jina langu, ukaubandikia vipande vya ngozi pembeni ili uongezeke upana, ukanishonea viatu laini vya ngozi ya mbuzi na kunitumia na ujumbe kwamba mtoto ni mzito, atakuwa na kazi ya kututunza. Haukupita muda navyo vikabana. Nikatuma mguu mwingine, ukashona vingine, vipana zaidi, ukaweka lastiki juu ili niweze kuvivaa bila kuinama. Navyo vikabana. Ukashona vya tatu. Shule nzima walinionea wivu kwa viatu vile. Wenzangu wajawazito walikuwa wanakokota viatu vya waume zao, mimi napita koridoni kama malkia.

Mkononi pete ilikwama, nikaona kawaida. Kichwa kiliniuma nikalaumu chaki na kelele za watoto. Kliniki ya mwezi uliotangulia walikuta kila kitu sawa, na iliyofuata niliiahirisha kwa sababu ya kusahihisha mitihani. Nilijiambia nitakwenda wiki inayokuja. Mwalimu wa hesabu nilikuwa najidanganya hesabu.

Basi viatu vya tatu vilipoanza kunibana nikamwita mkweo aje anichore mguu wa nne. Unajua anavyochora, kama anapitisha waya ukutani, pole pole, ulimi nje. Alipomaliza, karatasi yake ikaangukia juu ya ule mchoro wa mara ya tatu niliokuwa nimebaki na nakala yake, akaziinua zote mbili dirishani kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imeachana mbali. Akaniuliza huu mwingine tuliuchora lini. Nikamwambia wiki mbili zilizopita tu. Akaniangalia mguu, akaniangalia uso, akaniambia nivae khanga twende hospitali. Nilikataa. Nilimwambia hajui mambo ya viatu, atume tu mchoro, mama atashona. Akaweka penseli chini, akasema hajui kweli mambo ya viatu, lakini mguu wa mtu haukui namna hiyo, na hatatuma mchoro wowote.

Mama, nimelifikiria sana jambo hili. Sisi ukoo wa washona viatu tukiona mguu umekuwa mkubwa tunakata ngozi kubwa. Ndiyo akili yetu na ndiyo mapenzi yetu. Yeye, kwa kuwa hajui kushona hata kifungo, aliogopa. Na hofu yake ndiyo iliyotufikisha.

Hospitalini walinipima presha wakaitana. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Nilikuwa naona vimulimuli, na maumivu yakaniingia hapa chini ya mbavu za kulia. Wakasema ni ugonjwa wa presha ya mimba, ule ambao ukiachwa unaleta kifafa cha mimba, na kwamba mtoto atolewe upesi ingawa wakati wake haujafika. Haya uliambiwa nusunusu: kwamba Kisigino aliharakisha kidogo, na kwamba wote tu wazima. Ulipokuja ulinikuta nimekaa, nimepaka mafuta, nanyonyesha, ukasema napendeza.

Usichoambiwa ni kwamba kifafa kilinipata. Kilinikuta kitandani, kabla hawajanipeleka chumba cha upasuaji. Mimi sikumbuki chochote, mkweo ndiye anayekumbuka, na mpaka leo nikishtuka usingizini huwasha taa kwanza kabla ya kuniuliza nina nini. Nilichomwa sindano za kuzuia degedege, nikazalishwa kwa kisu, na nilipofungua macho nilimwona mwanangu kwa picha kwanza, maana alikuwa kwenye chumba cha vichanga. Tulikubaliana sisi wawili kutokukuambia. Sababu ilikuwa viatu. Nilijua ukisikia utavihesabu vile viatu vitatu kama makosa matatu, na hutashona tena kwa amani. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Sasa kwa kuwa nimekuambia, sikiliza na hili, tena lisome mara mbili. Si viatu vyako vilivyoniumiza. Daktari ameniambia waziwazi kwamba ugonjwa huu hauletwi na kiatu, wala kazi, wala kosa la mtu. Wajawazito wengi huvimba miguu na hawana shida yoyote, ndiyo maana dawa yake ni kupimwa presha na mkojo, si kukisia. Kilichomshtua mkweo ni mistari miwili ya penseli. Ni sharti lako la mguu ndani ya bahasha lililoniokoa, mama. Nyumba isiyochora miguu isingekuwa na kitu cha kuinua dirishani.

Daktari aliposikia yote haya alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Akanieleza kwamba watu wengi hudhani mtoto akishatoka ugonjwa umekwisha, mama anaruhusiwa, anapongezwa, hakuna anayemwita tena. Kumbe mwanamke aliyepata presha ya namna ile ana uwezekano karibu mara mbili ya wenzake wa kuja kuugua moyo au kupata kiharusi miaka ya mbele, na presha yenyewe hupenda kurudi kimyakimya. Alisema mimba ile huacha alama kwenye mishipa ya damu, na kwamba haina maana kwamba mtu amehukumiwa, ina maana asiache kupimwa. Kila mwaka presha, sukari, mafuta ya damu. Kupunguza chumvi, kutembea, kumeza dawa kama imeandikwa. Wanaofanya hivyo huzeeka na kusumbua wakwe zao kama kawaida.

Kisha akaniuliza kama mama yangu mzazi naye aliwahi kupata shida hiyo. Nikacheka. Nikamwambia mama yangu? Mama yangu ni chuma, hajawahi kulazwa hata siku moja maishani mwake. Nilichomaanisha ni kwamba sijawahi kusikia. Na kwa kuwa tulikuwa tumezoeana, nikaanza kumpigia hadithi za duka. Nikamweleza vile viatu vikubwa vinavyoning'inia juu ya mlango wetu badala ya kibao, watu wanavyoelekezana kwa kusema pale penye viatu vya tembo, na jinsi baba, Mungu amrehemu, alivyovishona kwa mkono wake wakati una mimba yangu kwa sababu miguu yako ilikuwa imekataa kuingia kwenye kiatu chochote cha mwanadamu. Nilisimulia kama tunavyosimulia siku zote, na vitendo vyote. Nikangoja acheke, yule mama mwenye kicheko cha kujaza ukumbi.

Hakucheka. Akaniuliza nilizaliwa baada ya miezi mingapi. Nikamwambia kabla ya wakati, ndiyo maana naitwa Haraka. Neno hilo lilipotoka mdomoni mwangu, mama, nikaanza kujumlisha: viatu vya tembo, miezi, jina langu.

Alisema viatu peke yake si ushahidi, na kuzaliwa mapema peke yake si ushahidi, akanishauri niulize nyumbani. Kwa jinsi ninavyokufahamu, nikajua nikikuuliza utaniambia bomba linavuja. Nikaenda kwa shangazi.

Usimfokee shangazi. Nilimpelekea kitambaa kizuri cha gauni, akakipokea, akakikunja, na alivyoniona nimekaa bila kunywa chai akajua sikuja kwa ajili ya gauni. Alikataa kwa muda mrefu. Alisema dada wa mume hana ruhusa ya kufungua kabati la wifi yake. Nikamwonyesha dawa zangu. Nikamweleza yaliyonipata wakati wa Kisigino. Akavua miwani, akalia kabla hajaanza kusema, nami nikajua.

Najua sasa, mama. Najua kwamba baba alishona viatu mara moja, mara mbili, kila mara vikubwa zaidi, akicheka nawe, akisema anaoa upya mwanamke mwenye miguu mipya. Najua kwamba vile vya mwisho ulivivaa siku moja tu. Ulianguka dukani, katikati ya vipande vya ngozi, mwili ukakukamaa, na mtu aliyedhani anasaidia akakusukumia mpini wa kijiko katikati ya meno. Lile jino lako la mbele lililomeguka, ambalo umetuambia miaka yote limemeguka kwa kukata uzi, na mimi nikagombezwa utoto wangu wote nisikate uzi kwa meno nisije nikawa kama wewe, halikumegukia kwenye uzi. Lilimegukia kwangu. Nilitoka nikiwa mdogo kama jozi ya soli, kwa maneno ya shangazi, na wewe siku zile hukumjua mtu yeyote, hata baba alipokuita jina.

Shangazi anasema ulipopata fahamu baba alitaka kuvichoma vile viatu. Akashindwa. Akavipigilia juu ya mlango, na watu wakaanza kuuliza kama ameshonea tembo, naye akacheka nao. Wateja wakaongezeka. Kicheko kikaota mizizi mpaka hakuna aliyekumbuka kilichokuwa chini yake, ila ninyi watatu. Nawe ukamlisha shangazi kiapo, kwamba mtoto asiambiwe kamwe kuwa kuzaliwa kwake kulitaka kumchukua mama yake, asije akakua akijiona ana deni. Ukanipa jina la kuchekesha badala yake.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi za mlangoni nikalia mpaka Kisigino akaniletea ile ndala ya jirani, akidhani nalilia kiatu. Nilikulilia wewe. Nililia kwa kukuona ukipita chini ya vile viatu kila asubuhi unapofungua duka, ukiwatania watu wanaokutania, na hakuna aliyewahi kukuambia pole. Basi nakuambia mimi, kwa kuchelewa kwa umri wangu mzima. Pole, mama. Pole sana. Na asante.

Sasa nimalize nililokuja kusema. Wewe na mimi tumefichana jambo lilelile, kila mmoja akimkinga mwenzie, na kwa mapenzi hayo hakuna aliyepimwa. Nilirudi kwa daktari nikampa majibu ya shangazi, nikamweleza na ngazi, ndala, na mito mitatu. Aliacha kuandika. Alisema mama huyo asisubiri likizo nyingine. Alisema pumzi inayokata kwenye ngazi na miguu inayovimba jioni inaweza kuwa moyo unaomba msaada, na kwamba kwa mtu aliyepata kifafa cha mimba haitakiwi kukisia hata kidogo. Alisema pia, na hapa nataka ushike, kwamba ukija mapema kuna mengi ya kufanya. Amekupa nafasi Jumatatu, si ya kesho bali ile inayofuata.

Najua utakachosema. Utasema wewe mzima, ni uzee tu na joto. Mama, nakumbuka siku ya kwanza uliyonikalisha dukani nipokee wateja. Ulinifundisha kwamba mteja akikutajia namba ya kiatu chake uitikie kwa adabu, umwambie vizuri, kisha umvue kiatu umpime, kwa sababu hakuna mtu anayeujua mguu wake. Uliwapima mapadri na mashehe. Ulimpima yule jaji aliyeapa kwamba anavaa namba nane tangu chuo, ukamtoa na namba tisa na nusu akiwa amenywea. Hujawahi kumwamini mteja hata mmoja kwa mdomo wake. Safari hii mteja ni wewe, na mdomo wako nimeusikia vya kutosha.

Nitafika Jumamosi na Kisigino kukuchukua. Bwana Gundi anajua kwamba duka litabaki mikononi mwake siku chache, nilimnasa kwa simu yake mwenyewe ulipokuwa sokoni, na usimnunie, maana alikubali kabla sijamaliza sentensi. Ndipo nikajua naye amekuwa akizihesabu zile ngazi. Yule bibi harusi mwambie rangi ya maziwa inampendeza, basi.

Vile viatu vya tembo viache palepale juu ya mlango. Sitaki vishushwe. Ila nikifika nataka tusimame chini yake, wewe na mimi, unisimulie wewe mwenyewe kwa sauti yako, halafu tucheke kama tutaweza.

Mkweo anakusalimu sana, anasema bomba likivuja kweli umwambie. Kisigino anakupa shikamoo na amenituma nikuulize kama bibi ana ndala za kushona. Wasalimie majirani, msalimie shangazi kwa upole atakapokupigia, kwa sababu atakupigia, hawezi kujizuia. Nakupenda, mama, tangu kabla sijajua bei uliyonilipia.

Ni mimi mwanao uliyenisubiri ingawa sikukusubiri,

Haraka

Nimesahau miguu. Utakuta karatasi tatu. Ya kwanza ni ya Kisigino, amecheka wakati wa kuchorwa ndiyo maana vidole vimekuwa saba. Ya pili ni yangu, imechorwa jioni nikiwa nimesimama, kama utakavyo. Ubandue vile vipande vya ngozi kwenye mguu wangu wa mbao, kisha uuweke juu ya mchoro, utaona unaingia sawasawa. Ya tatu haina kitu, ni yako. Mpe Bwana Gundi penseli, vua ndala, simama juu yake utakapofunga duka. Kisha shusha mguu wako wa mbao aliokuchongea baba, uuweke juu ya mchoro. Ukiona mstari wa penseli umezunguka mbali na mbao, tafadhali mama, usikate ngozi. Nisubiri.